Barua ya wazi kwa wakuu wa masoko na barabara: bei ya mkokoteni ina hesabu yake

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia masoko, barabara na ushuru,
Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

YAH: KUKAMATWA KWA MIKOKOTENI, USHURU USIO NA STAKABADHI, NA BEI ELEKEZI MNAYOTAKA KUTUPANGIA

Kwa heshima na taadhima nawaandikia hadharani jambo ambalo tulitamani limalizike ofisini. Mimi ni msukuma mkokoteni hapa Kariakoo, huu ni mwaka wa 14, na ni katibu wa kijiwe chetu chenye watu 32. Barua ya kwanza tuliileta kwa mkono mwezi wa tatu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili tuliileta mwezi wa sita. Mwezi wa nane tulikuja wenyewe watatu, tukakaa kwenye benchi la korido kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, tukaambiwa mhusika yuko kikaoni. Siku ile hatukuingiza hata senti, na hesabu ya tajiri mwenye mkokoteni ilikuwa palepale. Jioni wenzangu kijiweni wakasema: katibu, andika, kila mtu asome.

Tulipokuwa tunatoka siku ile, ofisa mmoja alituambia mlangoni kwamba inaandaliwa bei elekezi ya mikokoteni, bei moja kwa wote, kwa kuwa sisi "tunajipangia tu". Neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Naomba nianze nalo.

1. Bei yetu hatujipangii tu

Chukueni safari moja tuliyoifanya hivi karibuni. Mama mmoja alinunua katoni 30 za vigae upande wa Gerezani, anataka zifike Magomeni Mapipa. Mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alikuwa amemtajia bei iliyomshinda. Akatufuata.

"Wanangu, mpaka Mapipa mnanipelekea kwa ngapi?"

"Elfu ishirini, mama."

"Mh! Nina elfu kumi hapa."

Tukazunguka nayo weee, tukashikana mkono kwa elfu kumi na sita. Mtu akipita pale anaona wanaume watatu wanambana mama wa watu. Haoni kwamba kabla ya kutamka ile ishirini, vichwa vitatu vilikuwa vimeshapiga hesabu.

Kwanza, mzigo wenyewe. Vigae ni vizito na vinavunjika. Kikivunjika kimoja, tunalipa sisi, na hilo halijadiliwi, kila mteja wa Kariakoo analijua. Kwa hiyo vigae havibebwi kwa bei ya sukari, hata kama mizani ingesema kilo ni zilezile. Godoro nalo halina uzito wowote wa kutisha, lakini linashika upepo na linamziba macho anayesukuma, kwa hiyo anahitajika mtu wa kutembea pembeni kumwongoza. Mtu wa tatu ana tumbo lake naye. Mafuta ya kula kwenye madumu yanacheza, mzigo unahama njiani, mnasimama kufunga kamba upya. Marobota ya vitenge yanakaa vizuri, ila mvua ikiyakuta ni balaa, lazima turubali.

Pili, njia. Asiyewahi kusukuma anadhani kazi ngumu ni kupanda. Kupanda ni nguvu tu, ukichoka unatia jiwe kwenye tairi unapumzika. Kazi yenyewe ni kushuka. Mkipita Mtaa wa Msimbazi mkafika Fire, pale kituo cha zimamoto, na kuingia Barabara ya Morogoro, mbele yenu kuna mteremko wa Jangwani. Mkokoteni hauna breki ya mguu. Nyuma yake tumepigilia kipande cha tairi la lori. Aliyeshika mikono ya mbele akiinua juu, mkia unashuka, lile tairi linakwaruza lami, mwendo unapungua. Siku ile ya vigae mimi ndiye niliyekuwa mbele. Karibu kilo mia nane ziko mgongoni kwangu, wenzangu wawili wananing'inia kwenye kamba nyuma kuzirudisha, na harufu ya mpira unaoungua inanijia puani hadi chini kabisa. Ukiteleza hapo, kinachokukanyaga ni mzigo wa mama wa watu. Masika yakikolea na maji ya Mto Msimbazi yakipanda barabarani, safari hiyo haifanyiki kwa bei yoyote.

Tatu, kupakia na kushusha. Mzigo ukitoka ghorofa ya nne ambako lifti haifanyi kazi, kuna makuli wa kulipa. Anayekwenda kushusha mwenyewe anapunguziwa. Nne, saa. Saa mbili usiku si sawa na saa nne asubuhi. Tano, kurudi. Tukijua kule tuendako kuna mzigo wa kurudi nao, bei ya kwenda inashuka, kwa sababu mkokoteni mtupu unasukumwa vilevile na watu walewale.

Halafu kuna mteja mwenyewe. Tuna wenye fremu za maduka ambao tunawabebea miaka na miaka. Hao hatupatani nao bei kila siku, wanaandika kwenye daftari na kulipa Jumamosi. Yupo mzee mmoja muuza nafaka ambaye mke wangu alipojifungua kwa upasuaji alinilipa wiki sita mbele bila kuniuliza. Mzigo wake nikiubeba siku ya mvua simwongezei. Bei elekezi itamweka wapi mtu kama huyo?

Juu ya yote hayo kuna bei ya kijiwe. Ni kiwango cha chini ambacho hakuna anayeruhusiwa kukivunja, maana mtu mmoja akiwa na njaa akabeba kwa elfu mbili, kesho wote tutaambiwa elfu mbili. Nanyi msihofu kwamba tutaipandisha mpaka mbinguni. Tukizidisha, kuna kijiwe kingine mtaa wa pili, kuna maguta, kuna toyo, zile pikipiki za mizigo za matairi matatu, kuna kirikuu. Mteja wa Kariakoo hafungwi kamba na mtu.

Ile elfu kumi na sita tuliigawa mafungu manne. Watu watatu, elfu nne nne. Fungu la nne ni la mkokoteni, kama vile wavuvi wanavyokipa chombo fungu lake. Hilo la mkokoteni ndilo linalolipa hesabu ya tajiri, elfu tatu kwa siku, kisha pancha, grisi, kamba, na kinachobaki kinaingia kwenye kibubu cha kijiwe. Tulikianzisha kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Sasa naomba niseme kinakokwenda.

2. Kukamatwa kwa mikokoteni

Mwaka jana, saa tano asubuhi, mkokoteni wetu ulikamatwa ukiwa na magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya mteja. Tulikuwa tumesimama dakika chache kupisha lori lililokuwa linarudi nyuma. Askari wa mgambo walipanda, wakauvuta na mzigo juu mpaka yadi. Hakuna karatasi tuliyopewa. Mzigo ulitolewa jioni baada ya mteja mwenyewe kuja kulia pale getini. Mkokoteni ulikaa yadi siku nne. Siku nne za hesabu ya tajiri, siku nne watu watatu hawana kazi, na faini juu, iliyotajwa kwa mdomo na kulipwa mkononi. Tulipokabidhiwa, tairi la kulia halikuwa lile. Tuliwekewa kipara.

Faini ile ililipwa na kibubu. Wiki iliyofuata mwenzetu alifiwa na mama yake Kilosa, na kijiwe kilikuwa na elfu saba.

Waheshimiwa, hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Ile hatari ya kukamatwa imo ndani ya bei. Kila msukuma mkokoteni anayepita mtaa wenye mgambo anaongeza kitu, elfu moja, elfu mbili, kwa sababu anajua siku moja itakuwa zamu yake. Mfanyabiashara anaiongeza kwenye mchele, na mama wa Mbagala anailipa kwenye kilo. Mnatuuliza kwa nini tuko ghali huku sehemu ya ughali huo inatoka kwenye yadi yenu. Tungekuwa na hakika kwamba mkokoteni hautachukuliwa bila sababu iliyoandikwa, bei ya kijiwe ingeshuka siku hiyohiyo, na mimi katibu ndiye ningekuwa wa kwanza kuitangaza.

3. Ushuru usio na stakabadhi

Tunadaiwa mia tano hapa, elfu moja pale, na watu waliovaa fulana zisizo na jina. Ukiomba risiti unaulizwa kama unataka mkokoteni uondoke. Hatukatai kulipa. Desemba 2018, vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilipotolewa kwa shilingi 20,000, wengi kijiweni kwetu tulikata, na siku zile tulitembea vifua mbele kwa kuwa ulikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Mkitaka ushuru wa mkokoteni, tupeni namba ya malipo ya serikali, tulipe kwa simu, ujumbe ubaki kwenye simu. Basi.

4. Mnasema hatuchangii uchumi

Hili tuliambiwa ana kwa ana, kwamba sisi tunatumia barabara bure na hatuchangii chochote.

Kontena linatoka bandarini, linafika Kariakoo juu ya lori. Lori haliingii uchochoroni. Kuanzia lori linaposimama hadi mlango wa stoo, kuanzia stoo hadi fremu, kuanzia fremu hadi kwenye basi au lori la mkoani, mzigo unatembea kwa mikono. Mteja wa Lubumbashi, wa Lusaka, wa Moroni, ambaye nchi inamhesabia fedha za kigeni, mzigo wake umepita kwenye mkokoteni. Risiti ya mashine aliyopewa dukani, yenye VAT ya asilimia 18, ni ya bidhaa ambayo mtu fulani aliisukuma mpaka pale. Jina letu halimo kwenye risiti. Jasho limo.

Mkokoteni wenyewe ni ajira. Fundi wa kuchomelea Gerezani anaunganisha bomba na ekseli ya gari chakavu. Yuko muuza matairi yaliyotumika, yuko wa pancha, yuko muuza kamba. Mama lishe wa kijiwe chetu anapika sufuria mbili za wali na maharage kila siku, na ametusomeshea mtoto mpaka kidato cha nne, nasema ametusomeshea kwa kuwa tunamwona yule binti ni wetu sote. Wala hatuchomi tone la dizeli.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu mwenyewe alifika Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Lilikuwa jambo jema na lilistahili. Sisi siku zile tulikaa juu ya mikokoteni mitupu, hakuna aliyekuja kutuuliza tunakula nini, kwa sababu hatumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Tukilala sisi siku tatu, maduka yatafunguliwa lakini hakutakuwa na kitu kinachoingia wala kutoka. Sisemi hivyo kutishia. Hatuwezi kulala siku tatu, watoto watakufa njaa.

Na jina la mahali hapa lenyewe limetoka kwa watu wa kazi yetu. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hili likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa vita. Wenyeji wakalitamka Kariakoo. Wengi wa wabebaji wale hawakurudi makwao, waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Pale Posta, kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, wametajwa wabeba mizigo kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimesimama pale mara nyingi nikiwa na mkokoteni nikasoma. Wakoloni walikiri hilo kwenye shaba, karibu miaka mia imepita. Sisi tunaomba likiriwe kwenye kanuni za soko.

5. Afya

Kwa kifupi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1967 kuhusu uzito wa mzigo unasema mtu asibebeshwe uzito utakaohatarisha afya yake, na pendekezo lililoambatana nao linataja kilo 55 kwa mwanamume. Sisi tunainua gunia la kilo mia watu wawili, hamsini kila mmoja, karibu na kiasi hicho, tena siku nzima. Hatuna bima. Mwenzetu mmoja mwenye miaka 38 hawezi tena kuinama kufunga kiatu. Mnapozungumza bei elekezi, huo mgongo mmeuweka kwenye fungu gani?

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine tumeshayapata.

Mtasema tunasababisha foleni. Kuna ukweli ndani yake na sitaukana. Lakini mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Msimbazi iligawanywa, njia ya katikati ikawa yao, na magari, bodaboda, bajaji, watembea kwa miguu na sisi tukabanwa kwenye kilichobaki. Hakuna aliyechora mahali pa mkokoteni kupita wala kusimama. Mtu asiye na mahali pake lazima awe kwenye mahali pa mwingine.

Mtasema tufanye kazi usiku, hasa baada ya Kariakoo kuzinduliwa mwaka 2025 kama soko la saa 24. Tuko tayari kwa mzigo wa kutoka kwenye kontena kwenda stoo. Kwa mama aliyetoka Chanika asubuhi kununua bidhaa zake na anayetaka kurudi kabla ya jua kuzama, usiku hausaidii.

Mtasema tununue toyo. Nioneshwe mkopo ambao mtu asiye na mkataba wa ajira wala kiwanja atapewa, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Na hata wote tukiwa na toyo, uchochoro wa upana wa mita mbili utabaki wa mkokoteni.

Mtasema wapo miongoni mwetu wanaotoroka na mizigo ya watu. Wapo, na wanatuharibia kuliko wanavyowaharibia ninyi. Ndiyo maana kijiweni kwetu kila mtu ana picha, jina, na mdhamini kwenye daftari. Tuliwaletea nakala ya daftari hilo pamoja na barua ya Machi. Tungependa kujua liko wapi.

Tunachoomba ni hiki. Bei elekezi isitishwe mpaka tukae meza moja, wasukuma mikokoteni, wenye maduka na ninyi, na mtu mmoja kutoka ofisini kwenu atembee nasi siku nzima, kutoka Gerezani hadi Mapipa, kabla hajaandika tarakimu yoyote. Kama ni lazima kuwe na kiwango, kiwe cha chini na cha juu, na kitaje aina ya mzigo, ngazi na mvua. Mkokoteni usikamatwe bila karatasi yenye kosa, saa, jina la askari na kiasi cha faini, na ukiwa na mzigo wa mteja, mzigo uachwe uende kwa mwenyewe. Faini na ushuru vilipwe kwa namba ya malipo tu. Zichorwe sehemu za kusimama, hata sita kwa Kariakoo nzima, tutazifagia wenyewe. Tusajiliwe kwa vijiwe, tupewe namba zitakazopakwa rangi kwenye mkokoteni, ili mteja akiibiwa ajue pa kwenda na sisi tukiibiwa tujue pa kwenda. Na yule aliyetubadilishia tairi, tunaomba tairi letu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Kijiwe chetu kinakutana kila Jumapili saa kumi jioni, mzigo ukishapungua. Viti hatuna, ila mikokoteni tunaigeuza ikawa mabenchi, na chai ya mama lishe inakuwepo. Yeyote atakayetumwa na ninyi atapokewa kwa heshima, na daftari la mapato na mafungu tutalifungua mbele yake, ukurasa kwa ukurasa.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kijiwe,
Msukuma mkokoteni, Kariakoo.